Moshi wa sigara huacha alama hata katika damu ya mtoto asiyevuta

Mvutaji anaweza kumwambia daktari kwamba ameacha sigara, lakini damu, mate na mkojo wake vinaweza kusema mengine. Nikotini ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa kemikali iitwayo kotinini. Nikotini yenyewe hupungua kwa nusu kwa muda wa saa mbili hivi. Kotinini huchukua saa 16 hadi 20, ndiyo maana maabara huweza kuikuta hata baada ya siku kadhaa.

Kipimo kingine ni cha pumzi. Mtu hupuliza katika kifaa kidogo kinachopima monoksidi ya kaboni, gesi ile ile inayoua watu wanaolala na mbabula ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na moyo hulazimika kufanya kazi zaidi. Habari njema ni kwamba mtu akiacha sigara, hupungua sana ndani ya siku moja au mbili.

Vipimo hivi vimefichua pia madhara kwa wasiovuta. Nchini Marekani, kati ya mwaka 1988 na 1991, karibu asilimia 88 ya watu wasiovuta walikutwa na kotinini katika damu. Sigara ilipokatazwa kazini na mahali pa watu wengi, kiwango kilishuka hadi asilimia 25 hivi mwaka 2013-2014. Lakini kwa watoto wa miaka 3 hadi 11 kilibaki karibu asilimia 38, kwani sheria hizo haziingii nyumbani.

Hata hivyo, kotinini inaonyesha tu kwamba nikotini imeingia mwilini, haionyeshi ugonjwa. Chembe nyeupe za damu huongezeka kwa wavutaji wengi, lakini maambukizi mengine pia huziongeza. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kumhakikishia mvutaji kwamba hatapata kansa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (OMS), tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao hawavuti. Kufungua dirisha hakutoshi: mzazi ambaye bado hajaweza kuacha avutie nje, mbali na watoto.