Oksijeni Ndani ya Utando wa Bakteria

Bakteria wengi hushikamana juu ya jiwe, jino, mpira wa katheta au njia za hewa mapafuni, kisha hujifunika kwa ute wa sukari, protini na DNA wanaoutoa wenyewe, na mkusanyiko huo ndio uitwao utando wa bakteria. Kadiri utando unavyonenepa ndivyo oksijeni inavyoadimika ndani yake, kwa kuwa seli za juu huimaliza kabla haijafika chini. Kwa Pseudomonas aeruginosa, anayewasumbua wenye majeraha ya moto na wenye sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoyafanya makohozi kuwa mazito mno, oksijeni huisha katika kina kisichofika hata nusu milimita.

Baadhi ya seli za chini hupumua kwa naitreti, na nyingine hutegemea fenazini, kemikali ambazo mojawapo ni ile rangi ya buluu-kijani iliyoonekana kwenye bandeji ambazo Carle Gessard wa Ufaransa alizichunguza mwaka 1882 alipomtenga bakteria huyu. Fenazini hubeba elektroni zilizozidi ndani ya seli na kuzipeleka juu, kwenye oksijeni. Aina iliyonyimwa jeni za fenazini, ikioteshwa kwenye agari, hufanya koloni lenye mikunjo mirefu inayoongeza eneo linalogusa hewa. Naitreti ikiongezwa, mikunjo hupungua.

Oksijeni hiyo hiyo, hata hivyo, ina sumu yake. Ikipokea elektroni pungufu hugeuka superoksaidi au haidrojeni peroksaidi, na hii ya pili ikikutana na madini ya chuma huzaa radikali zinazokatakata DNA; kemikali hizo zikizidi uwezo wa seli wa kuziondoa, hali hiyo huitwa msongo wa oksidisheni. Chembe nyeupe za damu huzitumia kama silaha, na kwa kufanya hivyo huimaliza oksijeni ya makohozi. La kushangaza, shambulio hilo laweza kumfaidi adui: jaribio lililochapishwa mwaka 1999 lilionyesha kuwa utando uliotiwa haidrojeni peroksaidi huzaa bakteria wenye kasoro katika jeni ya mucA, wanaomwaga ute mzito wa alijineti kupita kiasi.

Tabibu hukutana na matokeo ya haya yote. Tobramaisini, dawa ya antibiotiki, huingia katika seli kwa nguvu itokanayo na upumuaji, hivyo seli za kina huipokea kidogo na kunusurika, jambo ambalo kipimo cha bakteria wanaoelea kwenye kimiminika chenye hewa tele hakiwezi kulibashiri. Watafiti wamejaribu kuusukumia utando wa maabara oksijeni kwa shinikizo kubwa, na dawa ikaua bakteria wengi kuliko ilipotumiwa peke yake.