Kenya: Mchoraji wa Vivuli Mbele ya Sheria

Mchoraji Gideon Kibet wa Kenya, maarufu kwa jina la Kibet Bull, alisambaza katika intaneti picha za vivuli zilizomkejeli Rais William Ruto. Kivuli hakina uso. Mtazamaji humtambua mhusika kwa umbo lake tu, akacheka. Tarehe 24 Desemba, 2024, Kibet alitoweka Nairobi. Polisi walikanusha kuhusika. Alionekana tena tarehe 6 Januari, 2025.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda ubunifu wa kisanaa, na kwa kawaida inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Basi mchoro ukivuka mipaka, mwamuzi ni hakimu. Askari mtiifu hujitambulisha, hutaja kosa, na haufichi uso wake.