Huzuni Isiyopelekwa Mathari

Mwanamke wa Kayole, Nairobi, akishikwa na sonona, haendi kliniki kusema ana huzuni. Anasema kichwa kinamgonga, mgongo unawaka, usingizi umepotea, na moyo unamwenda mbio usiku kama wa mtu anayefukuzwa. Anapimwa malaria, anapimwa presha, anapewa vidonge vya maumivu na kurudi nyumbani Soweto au Matopeni. Mwezi ujao yuko tena kwenye foleni. Majirani wanamwambia anafikiria sana, apunguze mawazo, amwachie Mungu. Naye anakubali kuwa ni mawazo tu: kodi ya nyumba, karo, mume aliyekosa kazi ya mjengo na sasa anashinda kwenye keg. Hakuna anayetaja ugonjwa wa akili, maana ugonjwa wa akili mtaani tumeupa sura moja: yule mwanamume anayezunguka Spine Road na magunia mgongoni, akijibizana na watu tusiowaona.

Sura hiyo moja imetugharimu sana, na haikuanza Kayole. Hospitali ya Mathari ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari wa kikoloni, J.C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kuwa sonona ni nadra sana kwa Waafrika. Alitegemea sana wagonjwa aliowaona wodini. Lakini ni nani waliopelekwa Mathari enzi hizo? Ni waliopiga kelele, waliovunja vitu, waliotembea uchi barabarani. Mama aliyekaa gizani siku nzima bila kula hakumsumbua yeyote, kwa hivyo hakuna aliyempeleka, na kwa kuwa hakupelekwa, daktari akaandika kwamba hayupo.

Madaktari wa Afrika Mashariki walimtafuta mahali alipokuwa. Mwaka 1979 David Ndetei na mwenzake Muhangi walichapisha utafiti uliofanywa katika kliniki ya kawaida ya mashambani hapa Kenya. Walikuta kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 5 aliyekuja na maradhi yake ya kawaida alikuwa na tatizo la akili. Ni zaidi ya miaka 40 sasa, na bado tunampa Panadol.

Basi tuseme wazi sonona ni nini. Kila mtu huhuzunika. Anayefiwa akalia si mgonjwa. Sonona ni huzuni, au kukosa hamu ya kila kitu, inayokaa karibu kila siku kwa majuma 2 au zaidi hata mtu asiweze kuendesha maisha yake. Wahudumu wa afya hutumia maswali 9 kuipima, na hayahitaji mashine yoyote. Je, vitu ulivyovipenda bado vinakupendeza? Unalala? Unakula? Mwili umechoka bila kazi? Unajiona umeshindwa, umeiangusha familia? Unaweza kutulia ukasikiliza redio hadi mwisho? Umewahi kuona heri ufe? Swali hilo la mwisho watu huliogopa, wakidhani kuuliza ni kumpa mtu wazo. Sivyo. Aliye na wazo hilo mara nyingi hupata nafuu kwamba hatimaye kuna aliyeuliza.

Kwa wanaume wa mtaani sonona huweza kuvaa hasira na pombe. Anayegombana na kila mtu steji, anayelala penye dirisha la kuuzia chang'aa, anayewapiga watoto kwa kosa dogo, huitwa mlevi au mkatili, na huenda ni hivyo kweli. Lakini huenda pia ni mgonjwa, na kumtibu ni njia mojawapo ya kuwalinda waliomo nyumbani.

Wasiwasi wa kupindukia ni ndugu wa sonona na mara nyingi huja pamoja nayo: kifua kubana, mikono kutetemeka, hofu isiyo na jina. Wengi hukimbilia hospitali ya Mama Lucy Kibaki wakiamini ni moyo, na ni vyema moyo upimwe kwanza.

Halafu kuna majeraha ya hofu, na hapa Kayole ina mzigo wake. Miaka michache iliyopita kurasa za Facebook zilizotumia jina la Hessy, lililohusishwa na polisi, zilikuwa zikichapisha picha za vijana wa Eastlands: leo kama onyo, kesho maiti zao. Kuna akina mama waliomwona mtoto wao hivyo, kwenye simu ya jirani. Mtu wa aina hiyo akiendelea kuiona picha ileile usingizini, akishtuka kila pikipiki inaposimama mlangoni, akikwepa njia fulani miezi mingi baadaye, huo si udhaifu wa imani. Ni ugonjwa unaojulikana na unaotibika. Sijui ni mtaa gani ungepitia hayo ukabaki mzima.

Na yule wa Spine Road? Huenda ana skizofrenia, ugonjwa ambao mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini: kijana anasikia sauti, anashuku chakula cha mamake, anaacha chuo. Familia humpeleka kwa mwombezi, kisha kwa mganga, na miezi inapita. Maombi hayana ubaya. Ubaya ni kumnyima dawa akiombewa, kwa kuwa anayetibiwa mapema hupona vizuri zaidi.

Tiba ya sonona ya kawaida haianzi Mathari wala haihitaji daktari bingwa. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina nyanya kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kupangua matatizo yao moja baada ya jingine. Hapa Nairobi kwenyewe, utafiti uliochapishwa 2017 ulihusisha wanawake 421 waliokuwa na dhiki ya moyo, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Baadhi yao walipewa vikao 5 na wahudumu wa afya wa mitaa yao, watu wasio madaktari, na dhiki yao ikapungua kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Wanaohitaji dawa wazipate pia, wakijua kwamba huchukua majuma kadhaa kufanya kazi na kwamba haziachwi ghafla.

Sheria nayo imeanza kubadilika. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yaliziwekea kaunti wajibu wa kutoa huduma hii. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinakiuka Katiba. Awali mtu kama huyo alitolewa hospitalini akapelekwa seli. Sasa jamaa zake wanaweza kusema ukweli kwa daktari bila kuogopa polisi, na usiku usiopitika kuna nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu, isiyolipiwa.

Kinachobaki ni kuifikisha huduma mlangoni. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Wanazijua ploti za Kayole ghorofa kwa ghorofa; wanajua ni nani hajatoka nje wiki hii. Posho yao ilipangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Wafunzwe maswali yale 9, wapewe muuguzi wa kumpigia simu wanapokwama, na zahanati zisikose dawa. Haya ni mambo ya bajeti, na bajeti ya Nairobi hupitishwa na wawakilishi wa wadi tuliowapigia kura, wakiwemo wa Kayole Kaskazini, Kati na Kusini. Wakija kuomba kura tena 2027, tuwaulize kuhusu barabara na maji, kisha tuwaulize na hili.