Mutoto anajikula mbele ya kunyonya

Ku mine kila mutu anajua: mashini ikichoka, haitupwe yote. Mafundi wanaifungua, vyuma vizuri vinatoka, vinaingia mu mashini ingine. Mwili nao unafanya ile kazi, na unaianza siku ya kwanza ya mimba.

Mwili umejengwa na seli, vipande vyenye uhai, vidogo sana, macho haiwezi kuviona. Kila seli inafunga vitu vyake vya zamani mu kifuko, inaviyeyusha, inapata humo chakula na vitu vya kujengea vipya. Mwaka 1963 Christian de Duve, munganga Mbelgiji, aliita ile kazi otofaji, maana yake kujikula mwenyewe. Mujapani Yoshinori Ohsumi alipata Prix Nobel mwaka 2016, sababu alionyesha namna inaendeshwa.

Juu ya nini mimba inahitaji ile? Yai la mama linakuja na posho yake ndani: protini zilizowekwa mbele. Likikutana na mbegu ya baba, halijashikana bado na tumbo, damu ya mama haijalilisha. Ni lazima livunje ile posho, lijenge mutoto mupya. Ku panya, ile kazi inawaka mu saa 4 tu. Mwaka 2008 Noboru Mizushima na wenzake, kule Japani, walionyesha kama mimba ya panya ikikosa jeni moja ya otofaji, ku yai na ku mbegu, inasimama ku seli 4 ao 8. Haipite pale.

Mara ya pili ni ku kuzaliwa. Kitovu kikikatwa, chakula cha mama kinakatika palepale, na maziwa bado. Mu ile katikati mutoto anakula akiba ya seli zake. Mwaka 2004 walewale wasomi waliona vitoto vya panya visivyo na ile jeni vinakufa mu siku moja. Vilipopewa maziwa kwa nguvu, viliishi zaidi.

Njo pale tusikilize, bamama na bababa. Panya si mutu, lakini akiba ni akiba, si mushahara: inaisha. OMS inaomba mutoto apewe ziwa mu saa ya kwanza. Yale maziwa ya kwanza ya manjano tusiyakamue na kuyatupa. Na mama mwenye kazi, akirudi ku kazi, Code du travail inamupa nusu saa mara mbili kila siku ya kunyonyesha. Ile ni haki yake. Aidai, na sisi tusimame naye.