Kwa Nini Injini ya Gari Huchemsha?

Babati ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dodoma kupitia Kondoa hukutana hapo na ile itokayo Singida, kisha safari huendelea kuelekea Arusha. Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilometa 251, ilizinduliwa rasmi mwaka 2018, na malori mengi yenye shehena huitumia kupanda vilima vya Kolo na Bereku. Aliyezoea njia hiyo hakosi kuwahi kuona gari limesimama kando, boneti wazi, mvuke ukifuka, na mtu akilisogelea na ndoo ya maji. Husemwa kwamba gari hilo "limechemsha". Katika makala hii tutaeleza ni kitu gani hasa kilichochemka, jinsi chanzo chake kinavyotafutwa, na kwa nini ndoo ile ya maji yaweza kuleta madhara makubwa kuliko ubovu wenyewe.

Injini hupata nguvu kwa kuchoma mafuta ndani ya silinda. Lita moja ya dizeli hutoa nishati ya kadiri ya megajuli 36. Kwa makadirio ya jumla, thuluthi moja tu ya nishati hiyo hugeuzwa kuwa kazi ya kuendesha gari. Thuluthi nyingine hutoka pamoja na moshi, na sehemu kubwa ya iliyobaki huingia katika kuta za silinda. Joto hilo la mwisho ndilo hasa linalopaswa kuondolewa na maji. Megajuli 12 zatosha kuchukua zaidi ya lita 4 za maji ya baridi, kuyachemsha, na kuyageuza yote kuwa mvuke. Hiyo ni kwa kila lita ya mafuta inayochomwa.

Joto husafiri hatua kwa hatua. Hupenya katika chuma kwa mpitisho, hupokewa na maji, husukumwa na pampu hadi kwenye rejeta, huingia katika mapezi membamba ya metali, na mwishowe huchukuliwa na hewa inayovutwa na feni au inayoletwa na mwendo wa gari. Jina la rejeta lina asili yake katika mnururisho, lakini jina hilo hupotosha kidogo, kwa kuwa joto linaloondoka kwa mnururisho ni dogo sana. Kazi kubwa hufanywa na hewa inayopita. Hatua moja ikikwama, joto hubaki ndani ya injini, wala haijalishi hatua nyingine ni nzima kiasi gani.

Hapa yafaa tutazame jambo ambalo vitabu vingi vilivyoandikwa pwani au Ulaya hulipita upesi. Mutuka ni mojawapo ya kata za Mji wa Babati, na mji huo uko kadiri ya mita 1,350 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 86, ilhali Tanga au Dar es Salaam ni kama 101. Mwanafunzi wa Mutuka atakayetumbukiza kipimajoto katika sufuria ya maji yanayotokota ataona zebaki ikisimama karibu na nyuzi 95 za Sentigredi, wala haitafika 100 hata akichochea moto mchana kutwa. Kama rejeta ingeachwa wazi, injini ya Mutuka ingepungukiwa na nyuzi 5 za usalama ambazo injini ya pwani inazo.

Dawa ya upungufu huo ni kifuniko cha rejeta. Ndani yake mna springi inayozuia mvuke usitoke mpaka kanieneo ipande, kwa mfano, kilopaskali 90 juu ya ile ya hewa ya nje. Kwa kifuniko hicho maji ya Mutuka hayachemki mpaka yafikapo karibu nyuzi 116. Basi, kifuniko ambacho springi yake imelegea au mpira wake umepasuka chaweza kulichemsha gari ambalo viungo vingine vyote ni vizima. Ni kipuri cha bei ndogo, nacho chafaa kuchunguzwa mapema.

Lakini kinga hiyo hiyo hugeuka hatari anapokuja mtu kukifungua kifuniko wakati injini ni ya moto. Tufanye hesabu. Chukua lita 8 za maji zilizofikia nyuzi 110. Mara kifuniko kinapofunguliwa, kanieneo huporomoka, na maji hayawezi tena kubaki maji juu ya nyuzi 95. Joto la ziada la nyuzi 15 hugeuza karibu asilimia 3 ya maji hayo kuwa mvuke kwa ghafla. Asilimia 3 yaonekana kidogo, lakini mvuke wake hujaza zaidi ya lita 400, nao hutokea mdomoni mwa rejeta pamoja na maji yanayounguza, mbele ya uso wa aliyeinama. Kitambaa mkononi si kinga. Injini izimwe, na isubiriwe hadi mpira wa juu wa rejeta uweze kushikwa na kubinywa bila shida. Kwa kawaida hilo huchukua nusu saa na zaidi.

Wakati wa kusubiri ndio wakati wa kufikiri. Mshale wa kipimajoto humjulisha dereva kwamba joto limezidi, bali hauelezi sababu. Sababu hujulikana zaidi kwa kuuliza gari lilichemsha lini. Likichemsha linaposimama au kwenda polepole sokoni, kisha likapoa likikimbia, shuku feni: mkanda umelegea, au, katika magari yenye feni ya umeme, fyuzi au swichi yake imekufa. Likiwa shwari mjini lakini likachemsha mlimani au katika mwendo mkali, shuku rejeta iliyoziba. Lililochemsha kwa ghafla huwa limekata mkanda au kupasua mpira wa maji. Na kwa kuwa katika magari mengi mkanda huo huo huzungusha jenereta, taa ya chaji nayo huwaka. Mshale ukianguka ghafla upande wa baridi huku mvuke unafuka, dereva asifurahi: yaelekea maji yamekwisha na kipimajoto hakiguswi tena na kitu.

Likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, huku rejeta ingali baridi, themostati imekwama. Hiki ni kilango kidogo chenye nta, ambayo huyeyuka na kutanuka ifikapo kama nyuzi 82, ikaruhusu maji kwenda kwenye rejeta. Mafundi wengi huking'oa na kukitupa. Sikubaliani nao. Injini isiyo nacho hukawia kupata joto lake, hula mafuta zaidi na kulika upesi. Na katika injini nyingine maji hupata njia ya mkato, yakarudi bila kupita kwenye rejeta. Shuleni themostati yaweza kupimwa kwa sufuria, jiko na kipimajoto: itumbukizwe, na itazamwe inafunguka kwa nyuzi ngapi.

Rejeta nyingi huzibwa na maji yenyewe. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana madini, nayo huacha ukoko mweupe kama ule wa birika. Ukoko huo hupitisha joto vibaya kuliko chuma kwa zaidi ya mara 20. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora, na bora zaidi ni kimiminika maalumu cha kupozea, ambacho pia huzuia kutu.

Maji yakipungua kila siku bila tone kuonekana chini, mapovu yakatokea katika rejeta, au oili ikawa kama maziwa, gasketi ya silinda hedi imeungua. Hapo ndipo ndoo tuliyoitaja inapohusika. Hedi ya aluminiamu yenye urefu wa sentimeta 50 hutanuka zaidi ya milimeta 1 ikipata joto la nyuzi 100. Chuma cha bloku iliyo chini yake hutanuka nusu ya hapo. Maji ya baridi yakimiminwa ghafla, upande mmoja hunywea wakati mwingine bado umetanuka, hedi ikapinda au kupasuka. Kubadili gasketi peke yake juu ya hedi iliyopinda ni kupoteza fedha. Hedi ipimwe kwa rula iliyonyooka, isawazishwe kwa mashine ikibidi, na bolti zikazwe kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana ya kupimia nguvu. Kisha maji yajazwe taratibu injini ikiwa baridi, hita ya gari ikiwa imefunguliwa, hadi hewa yote iliyonaswa itoke.