Mwalimu wa Mpira, Hati Yako ni ya Mwaka Gani?

Ndugu mfanyakazi, wewe unayewafundisha mpira vijana wa mtaa hapa Goma, itazame leo hati yako ya huduma ya kwanza.

Mgodini unaijua hewa mbaya. Huku juu, hasa upande wa Sake na kandokando ya Ziwa Kivu, tunaiita mazuku: gesi ya kaboniki itokayo ardhini. Ni nzito kuliko hewa, macho hayaioni, na hulala mashimoni pasipo upepo. Mpira ukidumbukia humo na mtoto akaufuata, huanguka. Usiingie! Utalala kando yake. Piga kelele, tafuta kamba au mti mrefu, umvute ukiwa juu.

Akitoka hapumui, anza na pumzi, kwa kuwa amekosa hewa. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, tena 30, kwa mwendo wa 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka apumue au msaada ufike.

Mikono husahau haya kwa miezi michache tu. Rudia mazoezi kila mwaka kwa Msalaba Mwekundu au kwa muuguzi wa kazini, hata kama hati haijaisha muda.

Nawe mama, muulize mwalimu wa mwanao: kamba iko wapi?