Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Walinzi wa Ubongo na Kifafa cha Usubi

Milima ya Matogoro, kando ya mji wa Songea, ndiyo chimbuko la mto Ruvuma. Maji hutoka msituni, yakashuka juu ya mawe, kisha yakasafiri masafa marefu hadi Bahari ya Hindi, yakiwa mpaka baina ya Tanzania na Msumbiji. Maji ni uhai, wala hakuna abishaye. Lakini maji yaendayo kasi juu ya mawe hupendwa pia na nzi mdogo mweusi aenezaye ugonjwa wa usubi, ambaye hutaga mayai yake humo. Mkoa wa Ruvuma umo katika orodha ya maeneo ya usubi nchini, na Mahenge, katika mkoa jirani wa Morogoro, imo vilevile.

Unguja na Pemba hazimo. Kwa hiyo msomaji wa Visiwani aweza kuuliza: habari za huko bara zatuhusu nini? Zatuhusu kwa kuwa mwisho wake ni kifafa, na kifafa hakiulizi mtu kazaliwa ng'ambo ipi ya bahari. Nani kati yetu hajapata kusikia habari za mtoto aliyeanguka kifafa akapelekwa kupungwa pepo, ilhali dawa ipo hospitalini?

Tuanze na usubi wenyewe. Nzi humuuma mtu akamwachia vijidudu vya minyoo. Minyoo ikikomaa hukaa katika vinundu chini ya ngozi, ikazaa watoto wengi mno wanaotambaa ngozini na machoni. Ndiyo sababu ya mwasho usiokwisha na upofu. Hayo yalijulikana zamani. Lakini katika miaka ya 1960 Dk. Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, aliona jambo jingine. Watoto waliokuwa wazima walianza kuinamisha kichwa mara kwa mara, kisha wengi wakashikwa na kifafa kikubwa na akili zao zikadhoofu. Wenyeji walisema mtoto "amesinzia kichwa". Baadaye ugonjwa wa namna hiyo ulionekana Sudan Kusini na kaskazini ya Uganda, nako kuna usubi.

Hapo ndipo penye fumbo. Ubongo wa wagonjwa waliofariki Uganda ulipochunguzwa, minyoo haikupatikana humo. Basi ni nani aliyeudhuru?

Wataalamu wameanza kuwatazama walinzi wenyewe. Ndani ya fuvu la kila mwanadamu mna seli za kinga ziitwazo mikroglia. Aliyezibainisha ni Pío del Río-Hortega wa Hispania, mwaka 1919. Alitia vipande vya ubongo rangi yenye chumvi ya madini ya fedha, na chini ya hadubini zikaonekana seli ndogo zenye matawi mengi. Leo yajulikana kuwa seli hizo huhamia ubongoni mtoto akiwa bado tumboni mwa mama. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa zimelala mpaka maradhi yabishe hodi. Mwaka 2005 wataalamu walichungulia ubongo wa panya walio hai wakaona kinyume chake: matawi yale hayatulii hata kidogo, hupapasa huku na huku kama askari wa doria.

Askari huyo akikutana na adui au jeraha hukunja matawi yake, akavimba, akameza uchafu na kumwaga kemikali za kuita msaada. Kemikali hizo ni kama moto. Moto wa muda mfupi humwunguza adui, bali usiozimwa huteketeza nyumba.

Ushahidi wa Uganda unaelekea huko, ingawa shauri halijakatwa. Mwaka 2017 ilitangazwa kuwa baadhi ya watoto wanaosinzia kichwa wana kingamwili zinazomlenga mnyoo, lakini zinaishambulia pia protini iliyomo katika ubongo wao wenyewe. Uchunguzi uliofuata haukukubaliana wote na jambo hilo. Mwaka 2018 wengine walisema kiini ni protini iliyoharibika ndani ya seli za fahamu. Mwaka 2019 wengine tena, wakichunguza ubongo wa Waganda waliofariki, waliona kuwa alama zilizotawala ni za mapambano ya kinga.

Tusiwalaumu kwa kutofautiana. Ubongo wa mtu aliye hai haukatwi ovyo. Mchunguzi hutegemea damu, maji ya uti wa mgongo, na vipande vya ubongo wa marehemu ambao jamaa zao wameridhia. Panya humsaidia, lakini panya si mtu. Siku hizi yawezekana pia kukuza mikroglia maabarani kutokana na seli za ngozi au damu ya mtu aliye hai, na njia hiyo inaleta matumaini.

Je, tungoje mpaka wataalamu wamalize? Hasha. Dawa ya ivermectin hutolewa bure kwa ajili ya usubi na kampuni ya Merck tangu ahadi yake ya mwaka 1987. Huua watoto wa minyoo bila kuwaua wazazi. Kwa hiyo hapana budi irudiwe mwaka hata mwaka. Kaskazini ya Uganda, ambako tangu 2012 dawa ilitolewa mara mbili kwa mwaka na mito ikanyunyiziwa dawa ya kuua viluwiluwi vya nzi, wagonjwa wapya wa kusinzia kichwa walipungua mpaka wakakaribia kwisha.

Viongozi wenye dhamana ya afya, bara na Visiwani, wajiulize mambo mawili. Je, kingatiba inamfikia mkulima aliye mbali na barabara, kando ya mto? Na je, dawa za kifafa hazikatiki katika zahanati? Mgonjwa aliyezoea vidonge akivikosa ghafula aweza kushikwa na degedege la kumwua.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Kifafa hakiambukizi kwa mate. Aliyeanguka karibu na moto aondolewe upesi, asiogopwe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mlinzi wa ubongo akikosea hutenda kwa kutojua. Jirani amwachaye mgonjwa aungue atajitetea kwa lipi?